Babu yako ameandikwa wapi?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kanamkemer. Tumeyapunguza kidogo tu ili yaingie katika kurasa zetu, na mahali pengi tumeacha yasikike kama yalivyotoka mdomoni.)



Najua wengine mlidhani leo tutaongea juu ya mbuzi wa maziwa au mkopo wa mzunguko. Hayo yatakuja siku yake. Leo nimeombwa niongee juu ya habari za jamaa zetu: tulizaliwa na nani, wapi, mwaka gani, na ni nani aliyeyaandika hayo. Mtu anaweza kusema, hilo ni jambo la wasomi, sisi tuna njaa. Basi ngoja nianze na ardhi, maana kwa ardhi hakuna anayesinzia.

Tangu mwaka 2016 Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na sehemu kubwa bado haijasajiliwa. Sheria inasema jamii inayotaka kusajiliwa ijitaje kwa jina, iitishe mkutano, ichague kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15, na iandike orodha ya watu wake. Hiyo orodha ndiyo mlango wa boma. Mkutano wa kuamua mambo makubwa unataka theluthi mbili ya watu wazima waliomo katika jamii, sasa ni lazima ijulikane nani yumo na nani hayumo. Mnajua tena kwamba tangu mafuta yapatikane pale Ngamia 1, karibu na Lokichar, mwaka 2012, swali la "wewe ni wa nani?" limekuwa na moto. Zamani lilikuwa swali la salamu tu, unaulizwa kisha unapewa maji ya kunywa.

Hapa Kanamkemer sisi ni watu wa kuja. Ukimwuliza jirani yako mzee wake alizaliwa wapi, wachache watasema hapa. Wengi watataja Kerio, wengine Loima, wengine Kibish, wengine ufuo wa ziwa. Njaa ilituleta karibu na Lodwar, kwa chakula cha serikali na cha misheni, tena na tena. Watoto waliozaliwa hapa wanajua barabara ya kwenda Lodwar mjini kuliko njia ya kwenda kwa babu. Kijana ana miaka 20, anatafuta mchumba, hajui emacar ya mama yake mzazi. Na huko alikotoka babu, wakiandika orodha ya jamii, nani atamkumbuka mjukuu aliye Kanamkemer?

Kwa hiyo nataka tuongee jinsi ya kutafuta. Si kazi ngumu, lakini ina utaratibu wake, na ina mahali pa kuanzia.

Tunaanza na mtu aliye hai, yule mwenye umri mkubwa zaidi katika jamaa. Ofisi ya D.C. ya zamani haikimbii, na kitabu cha parokia kitakuwepo mwezi ujao, Mungu akipenda. Lakini Ata yako mwenye miaka 85 hatakungoja. Nenda kwake asubuhi wakati hajachoka, na uende na kitu, tumbaku au majani ya chai na sukari, kama desturi ilivyo. Usifike na karatasi na kalamu mkononi kama karani wa kuhesabu watu, maana wazee wetu wamehesabiwa mara nyingi na kila mara kulikuwa na jambo nyuma yake, ama kodi, ama ng'ombe wa kuchukuliwa. Kaa chini, ongea. Mjukuu mwingine ndiye aandike, pembeni.

Usimwulize "ulizaliwa mwaka gani?" Atakujibu neno lolote ili akufurahishe. Mwulize ekaru. Wazee wetu wamehesabu miaka kwa majina, kila mwaka kwa jambo lililotokea. Kuna Namotor, wakati wa ile njaa kubwa ya mwaka 1960 hivi, mifugo ilipobaki mifupa. Kuna Kimududu, karibu mwaka 1970, ugonjwa ulipoua watu na wanyama pamoja. Kuna Lopiar, mwaka 1979 hadi 1981, uliofagia kila kitu kama ufagio. Sasa unauliza: wakati wa Namotor wewe ulikuwa nani? Ulikuwa mgongoni? Ulikuwa unachunga mbuzi wadogo? Ulikuwa umeolewa? Jibu la namna hiyo lina nguvu, maana mtu husahau hesabu lakini hasahau kwamba wakati wa njaa alikuwa akichunga wana-mbuzi waliokufa mmoja mmoja. Ila angalieni: jina la mwaka si moja kwa Turkana nzima. Watu wa Ng'isonyoka huko kusini wanaweza kuuita mwaka jina moja, na watu wa Ng'iyapakuno jina lingine. Kwa hiyo andika jina la mwaka pamoja na ekitela cha mzee anayesema.

Kipimo cha pili kimo ndani ya desturi yetu, na mimi nakipenda kuliko vyote. Kila mwanamume wa Turkana ni Ng'imor, watu wa mawe, au Ng'irisae, watu wa chui. Na mtoto hafuati baba yake. Baba akiwa jiwe, mtoto ni chui, na mjukuu anarudi kuwa jiwe kama babu. Sasa mtu akikupa mnyororo wa majina matano, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, mwulize kila mmoja alikuwa upande gani. Yakienda jiwe, chui, jiwe, chui, mnyororo uko sawa. Ukikuta chui wawili wamefuatana, simama hapo. Pengine jina moja limeruka. Pengine yule aliyeitwa baba alikuwa ndugu ya baba, aliyemlea mtoto baada ya mzee kufa. Hakuna karani wa Nairobi aliyetuwekea kipimo hiki, na hakihitaji umeme.

Halafu uliza chapa. Emacar ni ukoo, na ni chapa ile ile inayowekwa juu ya mnyama. Mwambie mzee aichore mchangani, kisha mtoto aichore katika daftari. Kwa akina mama kuna jambo la kuangalia: mwanamke akiolewa kabisa kwa desturi, anaingia emacar ya mume wake. Ukimwuliza nyanya "wewe ni wa ukoo gani?" atakutajia wa babu. Lazima uulize "baba yako alichoma ng'ombe wake chapa gani?" Tusipouliza hivyo, nusu ya jamaa yetu inapotea, ule upande wa akina mama. Na ndiyo nusu iliyobeba maji.

Majina, jamani, majina ndiyo yanayowachosha watu wakifika ofisini. Mtu mmoja wa kwetu anaweza kuwa na majina manne. Kuna jina la kuzaliwa, Erot kwa sababu alizaliwa njiani, au Akiru kwa sababu mvua ilinyesha. Kuna jina la dume lake, lile linaloanza na Apa, ambalo wenzake walimwitia katika ngoma na vijana wa leo hawalijui. Kuna jina la ubatizo. Na kuna jina ambalo mwalimu aliandika siku ya kwanza ya shule kwa kuwa hakusikia vizuri. Makarani wengi walitoka nje ya wilaya, wakaandika walivyosikia. Ng' ikawa N au G. Ile sauti yetu ya ch wengine wameiandika kwa c peke yake, wengine kwa ch. Hata Turkwel yenyewe wengine waliiandika na l moja, wengine na l mbili. Kwa hiyo ukitafuta jina na hukulipata, litafute tena kwa tahajia nyingine kabla ya kusema halipo. Lisome kwa sauti, masikio yatakusaidia mahali macho yameshindwa.

Sasa tuje kwenye vitabu vya kanisa.

Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patrick, kutoka Kiltegan kule Ireland, walifika Lodwar mwaka 1961, wakati wa njaa. Mwaka 1968 Lodwar ikatengwa na Eldoret, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili. AIC nao walianza kazi Lokori miaka hiyo ya 1960. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga Turkana, mtu haingii bila kibali, kwa hiyo usitegemee kupata kitabu cha ubatizo cha mwaka 1930 hapa. Lakini kuanzia miaka ya 1960, kitabu cha ubatizo mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza kabisa iliyoandika jina la mtu wa kwetu, hasa mwanamke.

Kitabu hicho kina nini? Kina namba, tarehe ya ubatizo, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, baba, mama, msimamizi, na padre aliyebatiza. Na pembeni kuna nafasi. Watu huruka pembeni, na hapo ndipo kuna mali! Sheria ya Kanisa inataka mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa mahali pengine, habari irudishwe parokia alikobatizwa, iandikwe pembeni mwa jina lake. Dada ya mama yako aliyekwenda Kitale akapotea, pengine pembeni mwa jina lake pameandikwa aliolewa na nani, parokia gani, mwaka gani. Hapo una mahali pa kwenda kuuliza.

Tazama tena jina la msimamizi. Mara nyingi alikuwa jirani au katekista wa kijiji hicho, basi unajua jamaa ilikuwa ikiishi wapi mwaka huo. Ukikuta maneno ya Kilatini usiogope: pater ni baba, mater ni mama, natus ni amezaliwa. Na ujue kwamba mtu aliyebatizwa chini ya mti kijijini aliandikwa katika kitabu cha parokia iliyokuwa inahudumia kijiji hicho wakati ule. Parokia zimegawanyika baadaye. Kwa hiyo uliza: mwaka huo, sisi tulihudumiwa kutoka wapi?

Wengine wanaogopa kwenda ofisi ya parokia, eti watafukuzwa. Sheria ya Kanisa inakupa haki ya kupata nakala ya maandishi yanayohusu hali yako mwenyewe. Haikupi haki ya kufungua kitabu na kusoma ya jirani. Nenda siku ya kazi, Jumapili padre ana shughuli. Mpe karani jina, mwaka wa kukisia, majina ya wazazi na kijiji, naye atafungua. Ukiwa na mwaka wa kukisia tu, mwombe aangalie miaka mitatu mbele na mitatu nyuma. Na umshukuru, maana kazi hiyo ina vumbi.

Tarehe zenyewe lazima zipimwe. Tarehe ya ubatizo ni ya kuaminika, padre aliiandika siku ile ile. Tarehe ya kuzaliwa aliambiwa, na mara nyingi alikisia kwa kutazama urefu wa mtoto. Tuchukue mfano wa kubuni. Kitambulisho cha mama mmoja kinasema alizaliwa 1957. Kitabu cha ubatizo kinasema alibatizwa 1972 akiwa na "miaka kama 10", yaani 1962. Dada yake mkubwa anasema: wakati wa Namotor huyu alikuwa mgongoni mwangu, nilitembea naye mpaka kambi ya chakula. Utaandika lipi? Andika yote matatu, na mbele ya kila moja andika limetoka wapi. Mimi ningemwamini dada. Karani wa kitambulisho alitaka kumaliza foleni, padre alikisia, lakini aliyembeba anajua alikuwa na uzito gani.

Karatasi za serikali zina faida yake pia, ila lazima ujue nani hawezi kuwa humo. Kipande cha kikoloni kilikuwa cha wanaume. Mpaka mwaka 1978 ndipo sheria ilipobadilishwa na wanawake wakaanza kuandikishwa vitambulisho. Kwa hiyo usipoteze nauli kutafuta kitambulisho cha nyanya cha mwaka 1965. Kuandikisha vizazi na vifo kwa lazima kulienea nchi nzima ilipofika mwaka 1971, na hata baada ya hapo watoto wengi wa kwetu walizaliwa mbali na ofisi. Vitambulisho vya wazee wengi vina mwaka peke yake, siku na mwezi ni sufuri. Hiyo maana yake karani alikisia.

Babu akiwa aliingia jeshi la KAR, uliza cheti cha kuachishwa kazi. Wanaume wengine walitunza risiti za kodi ndani ya kopo, kwa sababu ukikosa risiti ulikamatwa. Kopo hilo likifunguliwa ni sherehe! Shule ina kitabu cha kuandikisha wanafunzi, chenye jina la mzazi na kijiji. Kama jamaa ilipewa shamba katika mradi wa umwagiliaji wa Katilu, iliandikwa huko. Na kama Nairobi kuna mwana wenu, mwambieni aende Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, kuna taarifa za kila mwaka za D.C. wa Turkana. Asitarajie mengi. Taarifa hizo zinataja machifu, faini za ng'ombe, mvua na safari za D.C. mwenyewe. Kila mtu anajua Mzee Kenyatta aliwekwa hapa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961, limeandikwa sana. Waliokuwa wakichota maji ya nyumba ile, kama wameandikwa, ni kwa mstari mmoja wa mshahara.

Nimesema wengine wetu tumetoka ufuo wa ziwa. Watu wa ziwa wana bahati yao na shida yao.

Bahati ni kwamba samaki waliwaandikisha. Njaa ile ya mwaka 1960 na 1961 ilipomaliza mifugo, watu wengi waliwekwa kwenye kambi karibu na Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol, karibu kilomita 60 kutoka hapa, na Idara ya Uvuvi ikawafundisha nyavu na mashua. Baadaye kikaja chama cha ushirika cha wavuvi wa Turkana. Ushirika ni watu wa vitabu: nani ni mwanachama, nani ameleta samaki kilo ngapi, nani ana deni la nyavu. Mtu ambaye hakuwahi kuingia kanisani wala shuleni anaweza kuwa katika kitabu cha deni. Msicheke! Deni la baba yako ni ushahidi kwamba mwaka huo alikuwa hai na alikuwa Kalokol. Wageni wakija huko husimuliwa habari za kile kiwanda kikubwa cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwei, jinsi mitambo ya barafu ilivyosimama mapema jengo likabaki ghala. Jengo lina historia iliyoandikwa kuliko wavuvi wenyewe. Siku hizi kila ufuo una kamati yake ya BMU inayoweka orodha ya wavuvi na mashua, na wazee wa kamati hizo wanajua daftari la zamani lilibaki kwa nani. Waulize kwa upole, pengine liko chini ya kitanda cha mjane.

Shida yao ni kwamba ufuo hautulii. Miaka ya 1980 ghuba ilikauka, watu wakatembea kwa miguu mahali walipokuwa wakivua. Halafu mwaka 2020 ziwa likapanda, likafunika nyumba za watu wa Longech na vijiji vingine. Mzee akikuambia "nilizaliwa ufuoni, karibu na mti ule", mti huo leo unaweza kuwa ndani ya maji, au mbali sana na maji. Makaburi mengine yamekwenda. Kwa hiyo watu wa ufuo wasiandike "ufuoni" tu. Waandike jina la mahali kama wazee walivyoliita, na kando yake kitu kisichohama, kama kilima. Tena wafanye haraka kuliko sisi wa nchi kavu.

Kuna watu wa ufuo mwingine ambao wanatufundisha kitu. Huko Mombasa kuna Freretown, iliyoanzishwa na wamisionari Waanglikana wa CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Walitoka nchi mbalimbali, wengine mbali kama Malawi ya leo, wengi wakiwa watoto. Kwao mnyororo wa wazee ulikatwa kwa nguvu. Mjukuu wa leo anayeutafuta hana Ata wa kumwambia emacar. Anachoweza kutafuta ni kilichoandikwa na misheni, na karatasi nyingi za CMS ziko Uingereza, katika chuo kikuu cha Birmingham. Sisi bado tuna wazee wanaojua chapa na jina la dume. Tena hatuhitaji ndege kwenda kuwauliza.

Na jirani zetu wa Kakuma, ambako kambi ilifunguliwa 1992, wanajua uzito wa jina kuandikwa katika kitabu kisicho chake. Huko Garissa kuna Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi miaka ya ukame ili wapate chakula. Walipofika umri wa kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana kwenye orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Njaa ya siku moja, miaka mingi bila kitambulisho. Mtu wa namna hiyo lazima aonyeshe wazazi wake ni nani na walikuwa wapi, na hapo cheti cha ubatizo cha mama au kitabu cha shule cha baba kina kazi. Vilevile kwa mtoto ambaye hakuandikishwa katika miezi 6 ya kwanza: ofisi itataka karatasi za kuunga mkono, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu. Na ambaye ndugu zake walipotea vitani upande wa Sudani, Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta watu, wanapokea jina na habari za mwisho. Ukienda na majina yote manne ya mtu badala ya moja, umewasaidia.

Sasa neno la kuwaonya, maana nimeona nyuso zingine zimekunjamana.

Ukifukua jamaa utakuta mambo. Utakuta mtoto aliyeandikwa kwa jina la baba ya mama yake, kwa sababu mahari haikutolewa, na kwa desturi yetu alikuwa mtoto wa boma lile. Utakuta mstari wa baba ni mtupu. Utakuta mtu aliyesema yeye ni mkubwa kumbe ni mdogo. Hayo ni ya watu, na wengine wako hai na wanakaa hapa hapa. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, lakini hata kabla ya sheria sisi tulikuwa na adabu. Basi kikundi kiamue kabla ya kuanza: habari ya mtu aliye hai haisomwi mbele ya mkutano bila yeye kukubali. Mzee akisema "hili usiandike", kalamu inawekwa chini. Na daftari hili lisitumiwe kumfukuza mtu. Nasema wazi, kwa sababu najua kuna watu watakaotaka kulitumia kusema "huyu si wetu." Aliyelelewa na boma, akachunga mbuzi wa boma, wazee wa boma ndio waseme, si mtu mwenye daftari.

Mnaujua msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vyenu vyote vina kitabu cha fedha, na mweka hazina akikosea shilingi 50 hapalaliki. Basi nunueni daftari la pili. Kila jamaa ya mwanachama ipewe kurasa nne. Ukurasa wa kwanza chapa, ekitela, na mnyororo wa majina pamoja na jiwe au chui. Wa pili, akina mama, kila mmoja na emacar ya baba yake. Wa tatu, karatasi zilizopatikana: nani ameiona, iko wapi, namba yake. Wa nne uachwe wazi, maana kila mara kuna shangazi atakayekuja Krismasi na kusema mmekosea.

Anayeandika awe kijana mwenye mwandiko mzuri, lakini anayeshika daftari awe mama, na asiwe katibu wala mwenyekiti, kwa sababu hao hubadilishwa kwa uchaguzi na vitabu hupotea nao. Liwekwe ndani ya debe lenye kifuniko, lisiguse udongo. Mchwa wa Kanamkemer mnawajua. Picha zipigwe kwa simu za watu wawili wasiokaa nyumba moja. Karatasi za asili zibaki kwa wenyewe. Kikundi kinaandika tu kwamba zipo.

Mama mmoja ameniuliza hapa kabla hatujaanza, kama nyanya yake haongei tena, afanye nini. Akae naye tu, na amwimbie nyimbo za ng'ombe za babu kama anazijua. Nyimbo hizo zina majina ya madume, na majina ya madume ni majina ya watu. Pengine midomo yake itafuata. Na ampeleke mtu wa rika la nyanya, waliofanyiwa harusi miaka ya karibu. Wazee wawili wakikaa pamoja mmoja husahihisha mwingine, na wewe unaandika.

Wenye maswali mengine waje tukae pale chini ya mti, wazee waje kwanza.